Pikapu ya Baba Haitulii

9 Februari 1991

Dada,

Pokea salamu za watu wote wa nyumba hii. Baba anakusalimu, shangazi anakusalimu, na fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ameniona na bahasha mkononi akasema nisisahau kumtaja, basi nimemtaja. Sisi wazima. Macho ya baba ndiyo yale yale. Siku hizi anamtambua mtu kwa nyayo zake, na ukimpita kimyakimya atauliza kama wewe ni mwizi au ni mkwe. Shangazi amehamia kwetu moja kwa moja, analala kwenye chumba kilichokuwa chako. Goti linamsumbua, lakini mdomo wake hauna maradhi yoyote. Shemeji hajambo? Wanangu je? Yule mkubwa bado anakohoa? Waambie mama yao mdogo anawakumbuka.

Biashara ya viti inakwenda. Watu wanaoa, watu wanafiwa, na wote wanataka mahali pa kukaa. Nimenunua turubai la pili, jipya, halivuji.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Pikapu inaumwa. Nikiwa nimeiweka P, ile ya kuegesha, haitaki kuwaka. Nageuza ufunguo, kimya. Nikiuchezeachezea mkono wa gia pale kando ya usukani, nikauvuta hadi N, ile ya gia huru, inawaka kana kwamba hakuna lililotokea. Nikiweka R, inakaa kwanza kama mtu aliyeitwa akajifanya hakusikia, kisha inashtuka na kurudi nyuma. Na juzi nilikuwa nashusha viti kwa mteja, nimeiweka P, nimezima, nageuka naikuta imesogea. Si mbali, hatua moja hivi. Handibreki unaijua, kebo yake ilikatika tangu enzi zako. Kwa hiyo natembea na jiwe nyuma ya kiti, na kila nikisimama naliweka chini ya tairi.

Nimempelekea fundi wa kona, yule tunayemwita Daktari kwa sababu kila gari analoligusa hulitangazia kifo. Amesema gia boksi imekufa, nitafute nyingine. Baba alipolisikia hilo alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia, "Mwandikie dada yako. Gari hilo analijua yeye."

Basi nimekuandikia.

Mdogo wako

4 Machi 1991

Mdogo wangu,

Barua yako imefika. Sisi hatujambo. Shemeji yako shule zimefunguliwa, anarudi nyumbani na chaki hadi masikioni. Kikohozi cha mkubwa kimeisha. Mama mkwe alikuja akakaa, sasa ameondoka, na nyumba imerudia upana wake. Mimi niko kinuni kila siku. Nikirudi jioni nimejaa unga mpaka kwenye kope, na watoto hunicheka kwamba wameletewa mzuka.

Nimefurahi kusikia kwamba chumba changu kimepata mtu.

Dereva wa lori la chumvi alipita hapa siku chache kabla ya barua yako. Nilimkaribisha chai. Akanipa habari za nyumbani moja baada ya nyingine, na katikati akasema, kama mtu anayeeleza bei ya vitunguu, kwamba mdogo wangu sasa ana gari lake, kadi imeandikwa jina lake, mzee amemkabidhi tangu mwaka jana. Nilimwongezea sukari kwenye kikombe ambacho nilikuwa nimekwisha kukitia sukari. Akanywa hivyo hivyo, maskini.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipoliandika hilo. Sijapaona. Hongera.

Sina neno. Asiyekuwapo na lake halipo. Ila usinilaumu nikikumbuka. Nilikuwa nalala kifudifudi chini ya gari hilo kabla hujajua kufunga kamba za viatu. Baba alikuwa ananyoosha mkono bila kutazama, nami naweka kiganjani spana anayoitaka bila yeye kutaja namba. Siku tulipoishusha gia boksi ile, sisi wawili tu, aliniambia uso wake umejaa oili, "Mimi nikifa, gari hili ni lako." Hakuna aliyesikia isipokuwa wewe. Ulikuwa mlangoni umevaa gauni jeupe, unalia kwamba hatutaki kucheza nawe.

Haya, tuzungumze ugonjwa. Washa gari, liache lipate moto mahali tambarare, weka N na jiwe kila upande wa tairi, kisha vuta kijiti cha kupimia oili ya gia. Paka kwenye kitambaa cheupe. Je, ni nyekundu au imekuwa ya kahawia? Inanuka kuungua? Gari likishaingia D, ya kwenda mbele, linapanda kilima vizuri na mzigo, au injini inapiga kelele na tairi hazifuati? Na mkono wa gia, unapouweka P, unagota mahali pagumu au unaelea?

Wazo ninalo. Lakini fimbo ya mbali haiui nyoka, na gari sasa lina mwenyewe. Mwenyewe ana fundi wake.

Dada yako

22 Machi 1991

Dada,

Tumepata barua yako. Nimemsomea baba salamu, mengine nimeyaruka. Aliuliza mbona barua ni ndefu na salamu ni fupi. Nikamwambia mwandiko wako ni mkubwa.

Shangazi anakusalimu na anasema chumba si chako wala chake, ni cha panya. Binti wa mwokaji mikate ameolewa, tulipeleka viti. Mvua ilinyesha na turubai jipya likavuja.

Kuhusu kadi ya gari. Sikukuambia kwa sababu nilijua utakavyoandika, na umeandika vilevile. Baba haoni. Askari wa barabarani walikuwa wananisimamisha kila kukicha: gari la nani, mwenyewe yuko wapi, kwa nini hakuja. Baba akachoka, akaniambia twende tukabadilishe. Hakuna sherehe iliyofanywa. Alipotia dole gumba aliuliza, "Dada yako amepewa habari?" Nikasema ndiyo. Hapo nilidanganya, na sijui kwa nini ninakuambia.

Lakini na wewe usinione mimi ndiye niliyekula minofu. Wewe ulipewa spana, mimi nilipewa beseni. Mama alipougua, ninyi wawili mlikuwa chini ya gari na mimi nilikuwa nabadilisha mashuka. Ulipoolewa ulilia kwa ajili ya pikapu kuliko ulivyonililia mimi. Na hadi leo gari likigoma mahali popote, baba hasemi "tufanyeje", anasema "dada yako angejua". Nimewahi kutamani liungue, nisilisikie tena neno hilo.

Majibu yako haya hapa. Oili ni nyekundu, safi, haina harufu ya kuungua. Nilimpa na shangazi anuse. Gari likishaingia D linapanda vizuri kabisa, hata na viti vyote na fundi wa maturubai juu yake. Mkono nikiuweka P unaelea. Naweza kuuchezesha kwa kidole kimoja, kama jino la mtoto.

Baba sasa amepata mazoea mapya. Kila mchana nikirudi, anakuja na fimbo yake, anaingia upande wa dereva, anashika usukani na kukaa. Anakaa hata saa nzima. Anasema humo ndani ndipo mahali pekee asipohitaji macho. Nakuambia ujue jinsi alivyo.

Umesema wazo unalo. Ni wazo gani, dada?

Mdogo wako

11 Mei 1991

Mdogo wangu,

Natumaini siku zinawaendea vizuri. Sisi tunasukuma. Barua yako ilifika mapema Aprili, nisamehe kwa ukimya. Ulikuwa msimu wa mavuno, watu wamepanga foleni kinuni tangu alfajiri, na mkanda wa mashine ulikatika mara kwa mara. Niliushona mwenyewe kwa waya. Mwenye kinu alisimama nyuma yangu akaniuliza nimejifunzia wapi. Nikamwambia kwa baba yangu. Akasema, "Una bahati, sisi wengine baba zetu walituachia madeni."

Shemeji yako anawasalimu. Mtoto wa pili ameng'oka meno ya mbele na anajiona mzee.

Nimeyasoma majibu yako. Umeyaeleza vizuri kuliko nilivyotarajia, nakiri. Gia boksi haina ugonjwa wowote. Mwambie Daktari akatafute maiti nyingine. Ni kazi ndogo, ya asubuhi moja, spana mbili na kipande kisichozidi ukubwa wa kifungo cha koti.

Lakini siwezi kukueleza kwa barua, utachanganyikiwa. Shule zitafungwa mwezi wa nane, na shemeji yako amekubali nije. Nitakuja nifanye mwenyewe. Nataka baba asikie gia ikiingia kwa mkono wangu, kama zamani. Hadi hapo usimruhusu mtu yeyote kuigusa, wala wewe usiiguse. Imesubiri tangu Februari, itasubiri.

Mwambie baba nakuja.

Dada yako

26 Mei 1991

Dada,

Baba yuko hai. Nimeanza na hilo kwa sababu shangazi amesema nianze na hilo.

Ilikuwa katikati ya mwezi huu, mchana, jua kali. Nilirudi na mzigo wa viti, nikaingiza gari uani, nikaweka P, nikazima. Jiwe lilikuwa nyuma ya kiti kama kawaida, ila lilikuwa limenasa chini ya turubai, nikazunguka upande wa pili kulivuta. Unajua uwanja wetu unavyoteremka kuelekea barabarani. Baba alikuwa amesikia mlio. Alikuja haraka siku hiyo, sijui kwa nini, akafungua mlango wa dereva akaanza kupanda. Mguu mmoja ulikuwa ndani, mwingine bado uko chini. Aliposhika usukani kujivuta, gari likaanza kwenda nyuma.

Nilishika mlango wa upande wangu. Nilishika kabisa, kama mtu anayeweza kuzuia gari kwa mkono. Nilimwambia baba akanyage breki, na yeye alikuwa anapapasa kwa mguu mmoja, haioni. Tukapita geti. Tukavuka barabara. Kwa rehema hapakuwa na gari linalopita. Pikapu ikagonga kibaraza cha fundi cherehani, ukuta ukaingia ndani, viti vikamwagika barabara nzima. Meza yake ya kukatia nguo sasa ni kuni. Yeye mwenyewe alikuwa amekwenda nyuma kunywa maji, na kiu hiyo ndiyo iliyomponya.

Baba amevunjika mtulinga, ule mfupa wa begani, na mbavu mbili, na mguu uliokuwa nje umechubuka kutoka goti hadi kisigino. Nilimpakata kichwa pale chini. Alipofumbua macho hakuuliza ameumia wapi. Alisema, "Dada yako yuko wapi? Mwambie aangalie gia." Damu yake ilikuwa inaingia kwenye gauni langu, mikono yangu ndiyo iliyomshika, na aliyemtaka ni wewe. Nilikuonea wivu hata wakati ule. Naandika hivi ujue mimi nami si malaika.

Barua yako niliipokea hospitali. Shangazi ndiye aliyeniletea, pamoja na uji. Niliisomea kwenye benchi la ukumbini, nje ya wodi ya wanaume. Kazi ndogo, umeandika. Spana mbili. Kifungo cha koti. Usiiguse, itasubiri.

Ulijua, dada. Ulijua gari halishiki, na ulijua baba anakaa ndani yake kila mchana, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuandikia. Ulikaa na jambo hilo mwezi mzima na zaidi, ukashona mikanda ya watu wengine.

Usije mwezi wa nane. Shangazi amesema nilifute neno hili. Silifuti.

Niandikie tu ugonjwa ni nini.

Mdogo wako

2 Juni 1991

Mdogo wangu,

Sina salamu za kuanzia. Nimempa barua hii dereva wa lori la chumvi aje nayo mkononi, asiipeleke posta.

Kutoka kwenye mkono wa gia kuna fimbo ya chuma inayoshuka chini hadi kwenye gia boksi. Inapoungana na gia boksi kuna bushi ndogo, ya plastiki au mpira mgumu. Hiyo imelika. Kwa hiyo wewe huku juu unausukuma mkono hadi P, lakini kule chini fimbo haifiki. Mkono unasema P, na gia boksi iko njiani kati ya R na P, haijakamata kitu. Ndiyo maana gari haliwaki kwenye P, ndiyo maana R inachelewa, na ndiyo maana halisimami. Ndani ya gia boksi hakuna kilichoharibika. Oili nyekundu ndiyo iliyoniambia, ingawa nilikuwa nimekwisha kujua.

Fanya hivi. Gari liwe tambarare kabisa, si uani. Weka magogo mbele na nyuma ya tairi zote, si jiwe moja. Injini izimwe na ufunguo uwe mfukoni mwako, usimwachie mtu. Ingia chini upande wa dereva. Utaiona fimbo inavyoshuka. Ifuate kwa mkono. Toa pini, ichomoe fimbo kwenye wenzo mdogo wa gia boksi. Wenzo huo uusukume kwa mkono mpaka mwisho, upande wa P, hadi usikie umeingia. Utausikia vidoleni, huna haja ya kuambiwa. Kisha toka, ondoa magogo, mwambie mtu asukume gari. Likigoma kwenda, kishikio cha P ni kizima. Rudisha magogo kabla hujarudi chini, hata kama unadhani huna haja.

Weka bushi mpya. Huku juu weka mkono kwenye P, mtu aushikilie hapo hapo. Chini kuna nati ya kurekebisha urefu wa fimbo. Ilegeze, acha fimbo ikae yenyewe mahali pake bila kuilazimisha, kisha kaza. Jaribu kila gia. Baadaye nenda kwenye mteremko, peke yako, asiwemo mtu mwingine, uone kama inashika. Na kebo ya handibreki nunua leo. Hiyo mimi na baba tulipaswa kuibadilisha miaka mingi iliyopita.

Sasa hilo jingine. Niliujua ugonjwa kwenye barua yako ya kwanza, ulipoandika kwamba P haiwaki na N inawaka. Nilikuwa nimeegemea gunia la mahindi nikasema kwa sauti, bushi. Kisha nikakaa nalo. Nilitaka uhangaike kidogo. Baadaye nikataka kitu kibaya zaidi: nilitaka kazi ibaki hadi nifike, baba anisikie, na wewe usimame mlangoni. Niliposoma kwamba anakaa ndani ya gari kila mchana, roho iliniambia andika. Wivu ukasema ngoja. Niliusikiliza wivu.

Shemeji yako ameniuliza ninalia nini nikamwambia ni unga. Baadaye nikamwambia ukweli. Alinisogezea kalamu.

Sitakuja, kama ulivyosema. Niambie mtulinga unavyounga.

Dada yako

20 Juni 1991

Dada,

Mtulinga unaunga. Baba alirudi nyumbani wiki iliyopita, amefungwa mkono kifuani, na kila atakayeingia lazima asimuliwe jinsi alivyoendesha gari kinyumenyume bila macho wala breki. Kila siku barabara inakuwa ndefu zaidi. Fundi cherehani amejenga upya kibaraza, nilimsaidia tofali, na anatumia viti vyangu bure hadi apate meza. Amesema tusilizungumze tena, ila kila nikiwasha gari anatoka nje na kusimama pembeni.

Lile jambo uliloandika mwishoni nimelisoma. Nimelisoma peke yangu, baba sikumsomea, wala sitamsomea. Kinyongo ninacho bado. Kimepungua, hakijaisha, sitaki kukudanganya.

Kazi nimeifanya mimi. Daktari alitaka kuifanya, nikamwambia asimame pembeni aombe dua. Tulilikokota gari hadi uwanja wa nyuma ya ghala la mkaa, palipo tambarare. Shangazi alikuja na goti lake, akakaa kwenye kiti cha dereva kunishikia mkono wa gia, na kazi nzima alikuwa ananiuliza kama nimekufa. Fimbo niliipata mara moja. Bushi haikuwapo, dada. Haikuwa imelika, haikuwapo kabisa, palikuwa na tundu tu na vumbi. Sijui tulikuwa tunaendeshaje. Daktari ndiye aliyenichongea mpya kutoka kwenye gurudumu gumu la kitoroli, na aliichonga vizuri, lazima niseme haki yake.

Nilipousukuma ule wenzo hadi mwisho, niliusikia. Ulisema kweli, mtu hana haja ya kuambiwa. Ulitetemeka vidoleni kama mlango mzito unaojifunga vizuri. Nilibaki pale chini nimelala, oili inanidondokea shingoni, na nikaelewa mlichokuwa mnafuata ninyi wawili huko chini siku zote zile. Hapo nikakasirika tena, kwamba hakuna aliyeniita nije nikisikie.

Daktari na vijana wa mkaa walisukuma gari, halikutikisika. Nilirekebisha nati, nikakaza, nikaenda nalo kwenye mteremko wa kanisa peke yangu. Nikaweka P, nikaondoa mguu kwenye breki. Likajisogeza kidogo, likagota, likatulia. Nilikaa pale hadi watu wakaanza kunitazama. Kebo ya handibreki nayo nimeweka.

Niliporudi, baba alikuwa ameketi kibarazani. Alisikia gia ikiingia. Aliinua kichwa, uso mzima ukabadilika, akamwambia shangazi, "Mkubwa amekuja."

Shangazi alinitazama mimi. Nilikuwa nimeshuka, nimesimama, spana bado iko mkononi. Ningeweza kunyamaza, shangazi angesema neno la kumpoza. Nikasema, "Hapana, baba. Ni mimi."

Akainamisha kichwa. Nilidhani amevunjika moyo. Kisha akanyoosha ule mkono mzima, akashika vidole vyangu, akavipeleka puani akavinusa kimoja kimoja.

Akasema, "Basi mko wawili."

Aliomba chai.

Mdogo wako

6 Julai 1991

Mdogo wangu,

Salamu kwa baba, kwa shangazi, kwa fundi cherehani, na safari hii kwa Daktari pia. Huku tuko salama. Mtoto wa pili ameota meno mapya, makubwa kuliko uso wake. Shemeji yako anakupa pole ambayo alipaswa kuitoa mapema.

Nilifika pale baba aliponusa vidole vyako nikaiweka barua chini. Nikaenda kinuni, nikafanya kazi hadi jioni, nikarudi nikamalizia. Sitakuambia kwamba nilifurahi. Iliniuma. Kwa miaka yote nilidhani nina kitu kimoja ambacho huwezi kukichukua, na sasa unacho, na umekipata kwa sababu nilikunyima. Nakueleza hivi kwa sababu nimekwisha kuona ninachofanya nikikaa na jambo kimya.

Lakini nimemwambia mwenye kinu. Nimemwambia mdogo wangu amelala chini ya pikapu akatengeneza gia, na nilimwambia kwa majivuno, mpaka akauliza kama wewe unatafuta kazi. Yote mawili yamo ndani yangu, wivu na majivuno, na sijui lipi litakaloshinda. Leo ni majivuno.

Ukilifuta lile neno lako la kwamba nisije, nitakuja. Usiponijibu nitajua hujalifuta, na sitakasirika. Nikija, uendeshe wewe. Nitakaa upande wa pili pamoja na shangazi, nishike goti lake.

Sasa sikiliza, hili ndilo muhimu. Bushi mpya hukaa vizuri mwanzoni, kisha inajibana na ile nati huachia kidogo. Baada ya mizigo kadhaa, uushike tena mkono wa gia ukiwa P, uutikise kwa kidole. Ukianza kuelea, usiniandikie. Weka magogo, ingia chini, kaza mwenyewe. Usinisubiri.

Dada yako